Mnyonya Damu Anayepiga Hodi

Mjomba wangu alikuwa fundi makochi tangu ujana wake, na mtaani kwake walimwita Sponji. Si kwa unene, maana alikuwa mwembamba, mifupa mitupu. Walimwita hivyo kwa sababu jioni akifunga karakana ungemkuta na chembe za sponji kwenye nywele, kwenye nyusi, hata ndani ya sikio, naye anakusalimia hana habari. Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, chumba kirefu chenye mlango wa bati, na ndani makochi yaliyovuliwa vitambaa yalisimama mbavu nje yakingoja kuvikwa upya.

Kazi hiyo ilimshinda mwishoni. Vifundo vya vidole vilivimba, akawa hawezi tena kuvuta mkanda wa chini ya kochi ukakaza inavyotakiwa, na yeye si mtu wa kumpa mteja kochi linalobonyea. Akafunga karakana. Mwaka huohuo mkewe akafariki. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu kiasi kwamba Mjomba hakujua chumvi inawekwa wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mtoto wake, binamu yangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Baada ya mazishi alimwambia, "Baba, hapa hukai peke yako. Twende nyumbani." Mjomba alikubali palepale, tukashangaa sote, maana tulijiandaa kumbembeleza. Alichukua nguo zake, redio, kiti kimoja cha mbao, na mfuko wa zana ambazo hakuwa na kazi nazo tena.

Nyumba ya binamu si kubwa. Ina sebule, vyumba viwili, jiko, na korido nyembamba inayoviunganisha. Chumba alichopewa Mjomba kilipakana na sebule, ukuta mmoja katikati. Na kwa kuwa binamu akiondoka huenda wiki kadhaa, waliobaki humo ndani siku nyingi walikuwa wawili tu: Mjomba na mke wa binamu yangu, ambaye mimi namwita Wifi.

Wifi anafanya kazi kliniki ya meno. Ndiye anayemkabidhi daktari vyombo, anayeshika bomba la kufyonza mate, anayewatuliza wagonjwa wakianza kushika mikono ya kiti. Ana maneno huyo, na kazi yake inamfaa, kwa sababu wagonjwa wake midomo imejaa pamba, wanamsikiliza tu. Kwa hiyo mchana kutwa aliongea na watu wasioweza kumjibu, halafu jioni anarudi kwa mtu anayeweza kumjibu ila hajibu.

Mjomba alikuwa na heshima zake za zamani. Mke wa mwana, kwake, ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Kabla ya kuingia sebuleni alikuwa anakohoa koridoni, anasimama mlangoni, anasema, "Hodi." Wifi anaitikia, "Karibu, baba." Hapo ndipo anaingia. Hata kama anapita tu kwenda jikoni kuchota maji, hodi lazima. Akishakula anasema, "Asante, mama, chakula kizuri," anarudi chumbani kwake na redio. Siku zote maneno yaleyale. Wifi aliniambia mara moja kwamba hata angempikia kandambili, baba angesema chakula kizuri.

Halafu kulikuwa na suala la kochi. Wifi alilinunua kwa mshahara wake kabla hata hajaolewa, kochi la watu watatu, rangi ya damu ya mzee, na alilipenda kama mtu anavyopenda kitu cha kwanza alichojinunulia. Siku Mjomba alipoletwa, alilitazama, akalibonyeza pa kukalia kwa kidole gumba, akasema, "Mm." Kisha akaenda kuchukua kiti chake cha mbao, akakikalia. Tangu siku hiyo hakuwahi kulikalia lile kochi. Ile "mm" ilimkaa Wifi rohoni.

Sasa, Wifi ni mpenzi wa filamu. Karibu na kliniki kuna kijana anayeuza filamu, unampa flashi anakujazia, na Wifi akishaosha vyombo jioni huwasha televisheni, anajilaza kwenye kochi lake na kutazama mpaka usingizi umchukue. Aliweka sauti ya chini ili asimsumbue mzee. Lakini ukuta ule ni mwembamba, na Mjomba masikio yake hayajazeeka.

Asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai, yaani Mjomba anakunywa mezani na Wifi anakunywa amesimama jikoni akitafuta viatu vyake. Mjomba akasema kutoka kule, "Mama, yule mwanamke alifungwa?"

"Mwanamke yupi, baba?"

"Wa jana. Aliyesingiziwa kumwekea mumewe sumu."

Wifi alikuja mlangoni na kiatu kimoja mkononi. "Hapana. Aliachiwa. Aliyeua ni mdogo wa marehemu."

"Nilijua," Mjomba alisema. "Yule alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Ila kuna mahali palikuwa kimya sana, halafu kitu kikaanguka. Kilikuwa nini?"

"Glasi."

"Ya yule mdogo mtu?"

"Ya hakimu."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Hakimu? Basi hapo nilipotea. Nilifikiri mkono wa mwongo umetetemeka."

Wifi alicheka mpaka akachelewa kazini. Jioni ile alipowasha televisheni aliacha mlango wa sebule wazi. Baada ya muda akasikia kiti kinakokotwa koridoni. Mjomba alikuwa amekaa nje ya mlango, anatazama kwa pembeni kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Jumamosi iliyofuata kiti kilikuwa kizingitini. Mwezi haujaisha kilikuwa ndani ya sebule, kando ya kochi, lakini si juu ya kochi.

Hapo ndipo mazungumzo yao yalipoanza, na kwa kuwa mara nyingine Jumapili nilikwenda kuwasalimia, nimeyasikia mwenyewe. Wale wawili hawatazami filamu kama watu wengine. Mjomba anatazama viti. Waliona filamu moja ya mfalme wa zamani, mfalme anakasirika, anajitupa kwenye kiti chake cha enzi, na Mjomba akasema, "Kile ni sponji. Umeona alivyodunda? Enzi zile wangejaza manyoya au nyasi kavu. Mfalme asingedunda."

Wifi yeye anatazama meno. Filamu ya vita, wanajeshi wamekaa kwenye mahandaki majira mazima, matope mpaka shingoni, kamanda anafungua mdomo kutoa amri na meno yanang'aa kama ya tangazo la dawa ya mswaki. "Mswaki huo kaupata wapi?" Wifi akauliza. "Hata maji ya kunywa hawana." Na ukimsikia akisema huyu mwigizaji jino lake la mbele ni la bandia, usibishane naye.

Zaidi ya viti na meno, walibishana kuhusu watu. Mjomba hapendi filamu ambayo mtu mbaya hafafanuliwi kwa nini ni mbaya. Anaona ni uvivu wa mtunzi. Wifi anasema wapo watu wabaya tu, hawana sababu, na kwamba aje siku moja kliniki aone wanavyowatukana wauguzi. Filamu ya mwalimu aliyeacha familia yake akaenda kutafuta madini waliijadili wiki nzima, kipande asubuhi, kipande jioni. Wifi alimwona mpumbavu. Mjomba alisema si mpumbavu, alichoka kuheshimiwa.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo ni mahaba. Wanapoanza kubusiana kwenye filamu, Mjomba hukumbuka ana kiu. Anainuka, anakwenda jikoni, anakunywa maji polepole, anarudi akisikia watu wameanza kuongea tena. Wifi naye hujishughulisha na simu. Hawajawahi kulizungumzia hilo. Filamu ya mapenzi matupu ingeweza kumzamisha mzee kwa maji.

Basi siku moja mwanamke wa mapokezi pale kliniki akampa Wifi filamu ya mnyonya damu. Aliisifia kwamba inatisha lakini haina upuuzi. Wifi alimuuliza Mjomba kwanza. "Baba, kuna ya mtu aliyekufa anayeamka kunywa damu za watu. Tuitazame au tuiache?"

"Anakunywa kwa nini?"

"Ndiyo tutajua."

"Basi weka."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mjane anaishi na binti yake katika nyumba ya mawe kando ya msitu, nchi ya baridi. Kila jua linapozama anakuja bwana mmoja mwenye koti jeusi, mpole, ana sauti nzuri, anasimama mlangoni na kuomba kuingia. Ni mnyonya damu, lakini kwa sheria za watu wa aina yake hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake. Mjane anamkatalia. Kesho yake anakuja tena. Theluji inamwangukia mabegani, anasimama, anaomba, anaondoka. Anakuja tena. Mwishowe mjane, amechoka, amelemewa, siku moja anasema, "Haya, ingia basi." Anaingia. Mpaka kunakucha nyumba ile haina mtu wa kuvuta pumzi.

Mjomba alipata shida sana na ile sehemu ya shingo. Bwana yule akiinama kwenye shingo ya mjane, Mjomba anainuka kwenda kunywa maji, anagundua kwamba si busu, ni kuuma, anakaa. Inaonekana tena kama busu, anainuka. Wifi aliniambia alimwona kwa pembe ya jicho akiinuka na kukaa, akang'ata mto asicheke.

Filamu ilipokwisha walianza kama kawaida yao.

"Kiti cha yule mama kilikuwa cha haki," Mjomba alisema. "Manyoya ya farasi. Sikuona kasoro."

"Meno ndiyo bure kabisa," Wifi akasema. "Chonge ndefu vile huwezi kufunga mdomo. Angekuwa anajiuma mdomo wa chini kila anapoomba kuingia. Na jino linatoboa, halifyonzi. Damu yote ingeishia kwenye kola."

"Labda ana mrija ndani."

"Jino la mrija sijaliona, baba. Ila nilivyomchukia mimi si kwa meno."

"Kwa nini?"

"Kwa ule upole wake. Mtu anasimama mlangoni kila siku, hodi, hodi, anajifanya mnyonge, mpaka mwenye nyumba anajiona yeye ndiye mbaya. Bora angevunja dirisha. Mwizi wa dirishani unamjua ni mwizi. Huyu wa kuomba ruhusa ndiye anayenitisha."

Mjomba alikigeuza kiti chake kumwelekea. Kisha akasema, "Mimi nilimhurumia."

"Mnyonya damu?"

"Ameua, sawa, hilo sikatai. Lakini jioni zote zile amesimama kwenye baridi, hakuna aliyemwambia karibu kwa moyo. Na hata walipomkaribisha walimkaribisha kwa kuchoka. Haya, ingia basi. Ukimwambia mtu hivyo, wewe mwenyewe umeshasema humtaki."

Televisheni ilikuwa bado inaonyesha majina ya waigizaji. Wifi akakaa wima. "Kwa hiyo sisi hatukukaribishi kwa moyo, baba?"

"Nazungumzia filamu."

"Mimi nimesikia nyumba hii."

"Na mimi nimesikia hodi," Mjomba alisema. Akainuka, akachukua kiti chake, akaenda nacho chumbani.

Ndivyo walivyoachana usiku ule, kila mmoja ameumia na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeanza. Asubuhi salamu zilikuwepo, chai ilikuwepo, lakini filamu haikutajwa. Wifi hakuwasha televisheni wiki hiyo. Mjomba alirudia redio yake. "Asante, mama, chakula kizuri" ilirudi kama kanda iliyorudishwa mwanzo.

Alhamisi Mjomba akaja kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuja katikati ya wiki. Alikaa, akaulizia watoto, akaulizia kazi, kisha akasema, "Hebu niulizie kwa mwenye nyumba wako kama ana chumba. Kimoja tu kinanitosha."

"Kuna nini, Mjomba?"

"Hakuna. Nimewakalia watoto vya kutosha."

Nilimbana kidogo kidogo mpaka akanisimulia filamu yote, na ndivyo nilivyoijua, kwa sababu mimi mwenyewe filamu za kutisha siziwezi. Alipofika kwenye lile la hodi alizunguka sana. "Hakunitukana," alisema. "Ni binti mwenye adabu. Lakini neno lilimtoka, na mtu anachosema akiwa hajipangi ndicho anachokifikiri. Ninamchosha. Mimi mwenyewe ningechoka."

Hakutaka niingilie. Lakini jioni ileile simu yangu ikaita, na ilikuwa Wifi. Yeye alianza kwa kulia. "Wifi, baba ananiona mimi ni mchoyo. Amesema namkaribisha kwa kuchoka. Namfulia, nampikia, naacha mlango wazi, na bado anaingia sebuleni kwangu kama anaingia kituo cha polisi. Na kochi langu hajalikalia hata siku moja. Hata siku moja."

"Umewahi kumuuliza kwa nini?"

"Utamuulizaje baba mkwe swali kama hilo?"

Mimi nikaona ile si filamu yangu. Nilimwambia amuulize mwenyewe, na kuhusu chumba nikanyamaza, kwa kuwa Mjomba hakunipa ruhusa ya kukitaja. Kwa mwenye nyumba nilikwenda kweli. Akaniambia kipo kimoja kitakachokuwa wazi mwisho wa mwezi.

Hakikuhitajika. Jumanne yake maji yalikatika mtaa mzima ilipo kliniki, na bila maji huwezi kumtibu mtu jino, kwa hiyo daktari akawaruhusu warudi nyumbani saa nne asubuhi. Wifi alifungua mlango wa sebule akakuta kochi lake limepinduliwa, miguu juu. Kile kitambaa cheusi cha chini kilikuwa kimechanwa kutoka mwisho hadi mwisho. Springi zilikuwa nje. Misumari imejaa kwenye kisosi cha chai, na Mjomba yuko chini, amepiga magoti, nyundo ndogo mkononi, vumbi la sponji limemjaa kwenye nyusi.

Wifi aliweka mkoba chini polepole. "Baba, umelifanya nini kochi langu?"

Mjomba alijaribu kuinuka haraka, magoti yakakataa. "Nilitaka nimalize kabla hujarudi."

"Umalize kulibomoa?"

"Limebomoka zamani, mama. Hebu njoo uone."

Alimwonyesha. Ndani ya lile kochi mikanda inayobeba springi ilikuwa imepigiliwa misumari mifupi, upande wa kati mmoja ulikuwa umekatika kabisa na wa pili umebaki nyuzi. Aliyelitengeneza alijua litakaa dukani vizuri, basi. "Hili niliona siku ya kwanza, nilipolibonyeza tu. Ningelikalia mimi, huu wa pili ungekatika, na ningekuwa mzee aliyekuja nyumbani kwa mwanawe akavunja kochi la mkwewe wiki ya kwanza. Nikasema bora nikae kwenye kiti changu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungependa mgeni aje akwambie kochi lako bovu?"

Wifi akakaa sakafuni palepale, na nguo zake za kazini. "Baba, mimi siku zote hizi najua unalidharau. Najua unaona mwanao kaoa mwanamke asiyejua kununua hata kochi. Ile 'mm' yako, mimi hulala nayo."

"'Mm' gani?"

"Siku ile ya kwanza. Ulilibonyeza ukasema 'mm'."

Mjomba alifikiri. Hakuikumbuka. "Fundi akibonyeza kitu husema 'mm'," alisema mwishowe. "Ni kama daktari wako anapochungulia mdomoni."

Wifi akataka kucheka, machozi yakatangulia. Akajipangusa kwa mkono wa sare. "Na hodi, baba? Ndani ya nyumba unayolala, hodi ya nini kila siku? Mimi nikisikia hodi nashtuka, nafikiri mgeni kaja, naangalia nimevaaje, nasimama. Naona kama unanikumbusha kwamba hujafika. Kwamba bado uko njiani."

"Nyumba si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ni yenu. Marehemu mke wangu alinijua. Kwangu nilikuwa natembea na shuka. Hapa kuna binti wa watu amejilaza anapumzika, nitaingiaje kama upepo? Hodi ni kukupa nafasi ujitengeneze. Sikujua unaisikia vingine." Akageuza nyundo mkononi. "Halafu siku ile ukasema mtu wa hodi, hodi ndiye anayekutisha."

Wifi aliinua uso. Hapo ndipo alipoelewa, aliniambia baadaye. "Baba. Nilikuwa namsema yule wa kwenye filamu."

"Najua sasa."

"Haki ya Mungu, hata sikukufikiria. Wewe ulinifikiria mimi ulipomsema yule mjane?"

Mjomba si mtu wa kusema uongo, hata pale ambapo uongo ungemsaidia. "Kidogo," alisema. "Kidogo nilikufikiria. Kuna siku umechoka, unarudi huna hata sauti, na bado unaniuliza baba nikupikie nini. Nilikuwa naona nimekuwa mzigo na hakuna wa kunitoa mlangoni."

"Mimi ninachoka na meno ya watu," Wifi akasema. "Sichoki na wewe. Ukiuchuna wakati nakuuliza filamu ilikuwaje, hapo ndipo nachoka."

Kochi lilikuwa limelala katikati yao kama mgonjwa. Kisha Mjomba akasema kwamba kazi imefika mahali hawezi. Misumari ya mikanda ya zamani ameing'oa, mikanda mipya anayo, aliihifadhi kwenye mfuko wake wa zana, lakini kuvuta vidole havivuti. Alikuwa amejaribu tangu asubuhi. Alivionyesha, vimekuwa vyekundu.

Wifi akavua saa. "Nishike wapi?"

"Hapa. Zungusha mkononi mara moja. Sasa vuta kuelekea kwako, mimi napigilia. Vuta kama unang'oa jino."

"Mimi sing'oi, baba. Daktari ndiye anayeng'oa. Mimi nashika kichwa."

"Basi shika kichwa."

Alikuwa na mkono mzuri, Mjomba aliniambia, mkono usiotetemeka, na alijua kukaza bila kukurupuka. Walimaliza mikanda yote, wakarudisha springi, wakazifunga kwa kamba, fundo ambalo alimfundisha mara mbili. Kitambaa cha chini walikosa, wakatumia shuka kuukuu. Mchana walikula mkate na chai wakiwa wamekaa sakafuni, wamejaa vumbi wote. Alasiri wakalipindua kochi likasimama. Mjomba akamwambia akae kwanza yeye mwenyewe mwenye kochi. Wifi akakaa, akajisogeza huku na huku.

"Limekuwa gumu," alisema.

"Ndiyo kochi hilo. Lile ulilokuwa unalalia lilikuwa chandarua."

Kisha na yeye akakaa, upande wa pili, mgongo umenyooka kama yuko kwa mpiga picha.

Kuhusu chumba, alikuja mwenyewe kuniambia nimshukuru mwenye nyumba, kimepata mtu mwingine au hakijapata, yeye hakihitaji. Hodi haikuisha moja kwa moja. Mtu wa umri wake haachi kitu kama anavua kofia. Ila alianza kuipiga huku akitembea, na Wifi akaacha kuinuka. Na kitu kingine kilibadilika ambacho wao wenyewe sidhani kama walikiona: Mjomba alikuwa akimwita mama, sasa humwita mwanangu, isipokuwa mbele ya wageni.

Binamu yangu aliporudi safari alikuta baba yake na mkewe wamekaa kochi moja wanabishana kuhusu mwanamke fulani, kama alifanya vizuri kumsamehe kaka yake. Alifikiri ni jirani. Alisikiliza kwa wasiwasi muda mrefu, akauliza ni nani huyo, wanamfahamu wapi. Wakamwambia ni wa kwenye filamu. Akaenda kuoga. Yeye filamu akitazama hulala kabla jina halijaonekana.

Mwaka uliopita daktari wa Wifi alitaka viti vya mapokezi vivikwe upya, na kazi akapewa Mjomba. Yeye alipima, akakata, akaelekeza, na Wifi akavuta mikanda baada ya saa za kazi. Wagonjwa wanasema vimekuwa vizuri, ingawa sijui mtu anayengoja kung'olewa jino anaweza kusema ukweli kuhusu kiti.

Jumapili iliyopita nilipita kwao. Walikuwa wametoka kumaliza filamu ya nahodha aliyekataa kuiacha meli yake, na mimi niliingia kwenye robo ya mwisho. Mjomba alisema nahodha alikuwa na kiburi. Wifi alisema alikuwa na aibu, tofauti kabisa. Hawakukubaliana, wakanigeukia mimi wote wawili.

"Wewe umeionaje?" Mjomba akauliza.

"Nzuri," nikasema.

Wakanitazama, wakingoja. Wifi akasema, "Nzuri kivipi?"

Nikawaambia nahodha amenihuzunisha, mwisho wake. Mjomba akasema kuhuzunika si maoni, nifikirie vizuri. Wifi akasogea katikati ya kochi kunipa nafasi, akarudisha filamu nyuma mpaka mwanzo, nami nikakaa.